Kusoma mwaka mzima au likizo ndefu? Kalenda ya shule inavyokutana na msimu wa shamba Babati

Kwa familia nyingi za wakulima wilayani Babati, Januari huleta mambo mawili kwa mpigo. Shule zinafunguliwa, na mahindi yanahitaji palizi. Sare, viatu na madaftari vinadaiwa wakati uleule ambao fedha imeishia kwenye mbegu na mbolea, na ghala limebaki na magunia ya kuhesabu. Miezi sita baadaye mahindi yanakauka shambani, mikono inahitajika, na baadhi ya madawati yanabaki wazi.

Ndiyo maana swali la kalenda ya shule hurudi kila mara kwenye mikutano ya wazazi. Wapo wanaosema likizo ni nyingi na watoto wanasahau. Wapo wanaosema likizo zinakuja wakati usiofaa. Na wapo waliosikia kwamba nchi nyingine watoto husoma mwaka mzima, wakajiuliza kwa nini sisi tusifanye hivyo.

Makala hii inaeleza kalenda yetu ikoje, kusoma mwaka mzima ni nini hasa, na mzazi wa kijijini afanye nini na ratiba iliyopo.

Kwa ufupi

- Kalenda ya mwaka mzima kwa kawaida haiongezi siku za masomo. Inazigawa likizo kwa namna nyingine.
- Shule za Tanzania husomesha siku 194 kwa mwaka, na tayari zina likizo nne.
- Mtoto anayekosa shule siku moja tu kila wiki hupoteza muda mwingi kuliko likizo yoyote.
- Mapumziko marefu kuliko yote hayaitwi likizo. Ni muda wa kusubiri baada ya mtihani wa Darasa la Saba na wa Kidato cha Nne.

Kalenda yetu ikoje?

Mwaka wa shule huanza Januari na kuisha Desemba, nao una mihula miwili. Muhula wa kwanza huanza karibu wiki ya pili ya Januari na kuisha mwanzoni mwa Juni. Wa pili huanza Julai na kuisha mwanzoni mwa Desemba. Katikati ya kila muhula kuna likizo fupi: ya kwanza huwa mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, ya pili kati ya mwisho wa Agosti na Septemba. Kidato cha Tano na cha Sita wana mwaka wao, unaoanza Julai.

Ratiba hutolewa kila mwaka na Kamishna wa Elimu, na lengo lake ni siku 194 za masomo. Mwaka una siku 365. Ukitoa hizo 194 zinabaki 171. Ukitoa tena Jumamosi na Jumapili, ambazo ni kama 104, zinabaki siku 67 hivi. Hizo ndizo siku za likizo na sikukuu zote kwa pamoja, yaani kama wiki 13. Likizo ya Juni huchukua wiki nne hivi, ya Desemba karibu tano, na zinazobaki ni za likizo fupi na sikukuu za kitaifa na za dini.

Kusoma mwaka mzima maana yake nini?

Jina lenyewe linapotosha. Ukisikia "shule ya mwaka mzima" unaweza kudhani watoto hawapumziki. Sivyo.

Mpango huu umejaribiwa zaidi Marekani. Huko, katika majimbo mengi, shule husomesha siku kama 180, halafu watoto hupata likizo moja ndefu ya wiki 10 hadi 12 wakati wa joto. Waliotaka kubadilisha hali hiyo hawakuongeza siku. Waliikata likizo ndefu vipandevipande. Mfano unaojulikana sana ni wa 45 kwa 15: watoto husoma siku 45, yaani wiki tisa, kisha hupumzika siku 15 za kazi, yaani wiki tatu. Mzunguko huo hurudiwa mara nne kwa mwaka. Zidisha 45 kwa nne: ni siku 180 zilezile.

Hapo ndipo mzazi wa Babati anapaswa kusimama na kulinganisha. Sisi tayari tuna vipindi vinne vya masomo na likizo nne. Likizo yetu ndefu kabisa ni nusu ya ile ya Marekani au chini ya hapo. Kwa mpangilio wake, kalenda ya Tanzania iko karibu zaidi na kalenda ya mwaka mzima kuliko na ile ya likizo moja ndefu.

Ipo pia aina ya pili, ya makundi. Wanafunzi hugawanywa makundi manne, na wakati wowote makundi matatu yako darasani na moja liko likizo. Shule yenye nafasi 900 huweza kuandikisha watoto 1,200 bila kujenga hata chumba kimoja. Wilaya ya shule ya Valley View, katika jimbo la Illinois, ilianza hivyo mwaka 1970 kwa sababu madarasa hayakutosha. Jiji la Los Angeles lilitumia utaratibu huo kwa miaka mingi, kisha likaachana nao baada ya kujenga shule mpya.

Kwetu, dawa ya msongamano imekuwa zamu: kundi moja asubuhi, jingine mchana. Zamu hupunguza saa za mtoto darasani kila siku. Makundi hayapunguzi saa, ila yana gharama zake. Ndugu wawili wa nyumba moja wanaweza kuwa likizo nyakati tofauti. Madarasa hayapati muda wa kukarabatiwa. Na mtihani wa taifa hufanyika siku moja kwa wote, hata kama kundi moja limetoka likizo jana.

Suala hili si la mbali. Mtaala mpya ulianza mwaka 2024, ukihusisha Darasa la Tatu la mwaka huo, na elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Kwa hesabu hiyo, waliokuwa Darasa la Tatu na waliokuwa Darasa la Nne mwaka 2024 watamaliza pamoja mwaka 2027, mmoja akiwa la sita na mwingine la saba. Kwa hiyo Kidato cha Kwanza mwaka 2028 kinatarajiwa kupokea watoto wa madarasa mawili kwa mpigo. Hilo ni jambo la kuulizia mapema kwenye kata yako: madarasa, madawati na walimu vitatoka wapi?

Je, watoto hufaulu zaidi?

Hoja kubwa ya wanaotaka likizo fupi ni kwamba mtoto husahau. Hoja hiyo ina ukweli. Mwaka 1996 mtafiti wa Marekani, Harris Cooper, pamoja na wenzake, walikusanya tafiti nyingi kuhusu likizo ndefu ya nchi yao. Waliona kwamba kwa wastani wanafunzi hurudi wakiwa nyuma kwa kiasi cha mwezi mmoja wa masomo, na kwamba hisabati huathirika zaidi. Mtoto anaweza kusoma gazeti au ujumbe wa simu nyumbani, lakini ni wachache wanaofanya mazoezi ya sehemu na desimali wakiwa likizo.

Lakini kukata likizo vipande hakukuleta muujiza. Mapitio ya mwaka 2003, ambayo Cooper alishiriki pia, yaliona kwamba shule zilizobadilisha kalenda zilipata nafuu ndogo tu. Mtafiti mwingine, Paul von Hippel, alieleza sababu kwa njia rahisi. Watoto wa kalenda ya mwaka mzima hujifunza zaidi katika miezi ambayo wenzao wako likizo ndefu, lakini hujifunza kidogo zaidi katika miezi mingine, maana nao hupumzika. Mwisho wa mwaka jumla zinakaribiana. Siku 180 ni 180, ukizipanga kwa mstari mmoja au kwa mafungu.

Kinachobaki, basi, ni kujua ni siku ngapi kati ya hizo mtoto alikuwa darasani kweli, na mwalimu alikuwapo akifundisha.

Likizo za Marekani hazikutokana na mavuno

Wengi, hata Marekani kwenyewe, huamini kwamba likizo ile ndefu iliwekwa ili watoto wakasaidie shambani. Wanahistoria wa elimu wanaeleza tofauti. Katika karne ya 19 shule za vijijini zilifungwa miezi ya kupanda na miezi ya kuvuna, zikafundisha wakati wa baridi na wakati wa joto, kazi za shamba zinapopungua. Walioizoea likizo ya wakati wa joto ni watu wa mijini, na baadaye nchi nzima ikafuata kalenda moja. Kalenda ya vijijini, iliyofuata shamba, ndiyo iliyopotea.

Hapa kwetu, Mwalimu Julius Nyerere aliligusa jambo hili katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967. Alitaka kila shule iwe na shamba, na akaona tatizo linalotokana na likizo: mazao na mifugo haviwezi kuachwa bila mtu eti kwa sababu shule imefungwa. Alijua kwamba shamba lina kalenda yake na haliulizi ratiba ya ofisi.

Kalenda ya shamba Babati

Mvua na mazao hutofautiana kati ya Magugu kwenye tambarare, Galapo, na miinuko ya Dareda na Bashnet. Hata hivyo, mwaka wa mkulima kwa jumla huenda hivi:

*Novemba hadi Januari.* Mvua za kwanza, kulima na kupanda. Likizo ya Desemba inaangukia hapa, na inawafaa wazazi wengi.

*Januari hadi Machi.* Palizi. Shule ziko wazi. Huu ndio wakati chakula cha mwaka uliopita kinapungua na mahitaji ya shule yanakuwa makubwa.

*Machi hadi Mei.* Masika. Mito hujaa na njia za udongo huteleza. Mtoto anayetembea kilomita nyingi anaweza kukosa shule bila kupenda. Likizo fupi inagusa sehemu ndogo tu ya kipindi hiki. Mpunga unapokaribia kuiva, sehemu kama Magugu, watoto huitwa kuamia ndege.

*Juni hadi Agosti.* Mavuno ya mahindi. Likizo ya Juni hugusa mwanzo wake. Shule zinapofunguliwa Julai, mashamba mengi bado hayajamalizika.

*Agosti hadi Oktoba.* Mbaazi, zilizopandwa pamoja na mahindi, huvunwa na kupigwa. Likizo fupi ya pili huwa katika kipindi hiki, lakini Darasa la Saba hufanya mtihani wao Septemba. Wiki ambazo mtoto anapaswa kurudia masomo ndizo wiki za mbaazi.

Kwa hiyo kalenda iliyopo inalingana na upandaji kuliko mavuno. Kuisogeza likizo ya katikati ya mwaka kwa wiki mbili au tatu kungewafaa wakulima wa mahindi wa Babati. Lakini kusingemfaa mkulima wa mpunga wa Magugu, wala wa vitunguu saumu wa Mbulu, sembuse wa mikoa mingine yenye misimu miwili ya mvua. Ugumu wa kalenda moja ya nchi nzima uko hapo.

Na wafugaji?

Kwa jamii za wafugaji za Simanjiro, Kiteto na Hanang, shida haiko kwenye wiki mbili au tatu. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, mifugo hufuata maji na malisho, na baadhi ya watoto huondoka nayo. Hakuna kalenda ya likizo inayoweza kufunika miezi mitano. Bweni lilikuwa jibu la baadhi ya familia, lakini tangu mwaka 2023 Serikali hairuhusu kwa utaratibu wa kawaida bweni kwa watoto wa awali hadi Darasa la Nne.

Nchi ya Kolombia ilijaribu njia nyingine. Katika mpango wa shule za vijijini uitwao Escuela Nueva, ulioanza miaka ya 1970, mtoto husoma kwa vitabu vya hatua kwa hatua. Akiondoka kwa ajili ya mavuno, akirudi anaendelea pale alipoishia, badala ya kurudia darasa zima. Tanzania nayo ina MEMKWA kwa watoto walioikosa elimu ya msingi. Fundisho ni hili: pale ambapo kalenda haiwezi kumfuata mtoto, shule iwe na njia ya kumpokea anaporudi.

Mapumziko marefu yasiyo kwenye ratiba

Anayeogopa likizo ndefu aangalie hapa. Mtoto wa Darasa la Saba hufanya mtihani Septemba, kisha husubiri Kidato cha Kwanza hadi Januari. Ni kama miezi minne. Wa Kidato cha Nne hufanya mtihani Novemba, na Kidato cha Tano huanza Julai. Ni zaidi ya miezi saba. Hayo ni mapumziko kuliko likizo yoyote ya Marekani.

Ndani ya miezi hiyo mambo mengi huamuliwa kimyakimya. Kijana huanza kubeba abiria kwa bodaboda na kuzoea fedha ya kila siku. Binti hupelekwa mjini kufanya kazi za ndani, au mazungumzo ya mahari huanza. Matokeo yanapotoka na jina lake limo, kumrudisha kunakuwa kugumu. Mzazi anayetaka mtoto aendelee anapaswa kuwa na mpango wa miezi hiyo kabla ya mtihani wenyewe.

Tulichojifunza shule zilipofungwa

Mwaka 2020 Afrika Mashariki ilipata jaribio ambalo hakuna aliyelitaka. Kwa sababu ya korona, Tanzania ilifunga shule Machi 17. Kidato cha Sita walirudi Juni 1 na wengine Juni 29. Mtihani wa Darasa la Saba ulisogezwa hadi Oktoba, na redio na televisheni zikarusha masomo.

Kenya ilifunga muda mrefu zaidi, na wanafunzi wengi walirudi Januari 2021. Ili kufidia, iliibana kalenda hadi mwaka 2022 ukawa na mihula minne, na likizo kati yake zikawa fupi sana. Huko ndiko kukawa na kitu cha karibu zaidi na kusoma mwaka mzima katika ukanda huu. Wazazi walilalamikia karo zilizofuatana bila kupumua, na walimu na wanafunzi walilalamikia uchovu. Kalenda ya kawaida ilirudi Januari 2023.

Uganda ilifungua shule kikamilifu Januari 10, 2022, karibu miaka miwili baada ya kuzifunga. Miongoni mwa watoto ambao hawakurudi walikuwapo walioingia kazini, walioolewa na waliopata ujauzito. Mtoto akikaa nje ya shule muda mrefu husahau masomo, na nyumbani nako huanza kupata nafasi nyingine.

Nani anaamua?

Tarehe za mihula huwekwa na Wizara kupitia Kamishna wa Elimu. Mitihani ya taifa hupangwa na Baraza la Mitihani, NECTA, na tarehe zake ni moja kwa nchi nzima. Kwa sababu hiyo kijiji au halmashauri haiwezi kujiamulia mwaka wake. Hata hivyo ratiba si jiwe. Ilisogezwa mwaka 2020, na mwaka 2022 likizo ilipangwa ipishe Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 23.

Kumbuka pia kwamba Serikali imeshakataza shule kufundisha wakati wa likizo. Ukidaiwa mchango wa masomo ya likizo, una haki ya kuuliza yanafanyika kwa kibali gani.

Mzazi na kamati ya shule wanaweza kufanya nini?

*Hesabu siku zinazopotea.* Mwaka wa masomo una wiki kama 39. Mtoto anayekosa siku moja kila wiki, kwa sababu ya mnada au kuchunga, hupoteza siku 39 kwa mwaka. Hizo ni wiki karibu nane za shule. Kwa miaka saba ni siku 273, zaidi ya mwaka mmoja mzima wa masomo. Ombeni mwalimu mkuu asome mahudhurio ya kila mwezi mbele ya mkutano.

*Changieni chakula cha shule baada ya mavuno.* Debe la mahindi ni jepesi kutoa Agosti kuliko Februari. Likihifadhiwa vizuri, litawafikia watoto katika miezi ya njaa, ambayo pia ni miezi ya palizi.

*Anza kununua mahitaji ya Januari wakati wa kuuza mbaazi.* Sare na viatu vikinunuliwa Septemba au Oktoba, havitashindana na mbegu.

*Panga kazi ya mtoto.* Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, mradi isimdhuru wala kumzuia kusoma. Kazi ya Jumamosi na ya likizo inawezekana. Kazi ya Jumatano asubuhi ni kumwibia.

*Msaidie asisahau.* Nusu saa kwa siku inatosha. Mtoto apime debe, ahesabu magunia, apige hesabu ya bei sokoni, na amsomee mdogo wake. Hisabati ya mavuno ni hisabati halali.

*Andikeni kwa pamoja.* Kama wazazi wa kata nzima wanaona likizo ya Juni inafaa isogezwe, hoja hiyo ipite kwenye kamati ya shule, kwa diwani na kwa afisa elimu, ikiwa na takwimu za mahudhurio ya Julai. Ombi lenye daftari la mahudhurio husikilizwa kuliko lalamiko la mkutanoni.

Kalenda ikibadilika au isibadilike, siku 194 zimeshatengwa kwa ajili ya mtoto wako. Mwisho wa muhula huu, kabla ya kuuliza ameshika nafasi ya ngapi, muulize mwalimu wake alihudhuria siku ngapi.